Kuku wa Nyumbani Hadi Frizani: Kuchinja, Kupoza na Kugandisha kwa Joto Letu la Pwani

Mwaka wa kwanza nilipofuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, hapa Malindi, tulichinja 22 asubuhi moja, wiki moja kabla ya Ramadhani. Tukanyonyoa, tukapasua, tukaosha, na nyama ingali vuguvugu tukaipanga frizani, kuku juu ya kuku, mpaka kifuniko kikakataa kushuka. Kesho yake mchana nikatia mkono katikati ya rundo. Waliokuwa pembeni walikuwa wagumu kama mawe. Wa katikati walikuwa laini, vidole vinazama. Siku ya futari ya kwanza mavyaa wangu aliinua paja, akalinusa pale linapoungana na nyonga, akalirudisha sahanini. "Mwanangu, kuku huyu ana harufu mfupani." Wale ambao hawakunuka, nyama yao ilitafunika kama mpira.

Nilidhani kosa ni friza. Kumbe friza haina kosa. Friza huisimamisha nyama pale ilipofikia: ukiipa nyama iliyoanza kuharibika, itakurudishia nyama iliyoanza kuharibika. Kazi yote iko kati ya kisu na friza, katika yale masaa ambayo wengi wetu huyaruka kwa sababu tumechoka na jua limeshapanda: kumpoza kuku upesi mpaka mfupani, kisha kumwacha apumzike. Nitaeleza kila hatua, lakini hizo mbili ndizo nitakazokaa nazo sana.

Hesabu kabla ya kisu

Kuku wa nyama aliyelishwa vizuri hufikia kilo mbili hivi kati ya wiki ya tano na ya sita. Akishachinjwa na kusafishwa hubaki kilo moja na nusu kasoro kidogo. Wa kienyeji huchukua muda mrefu, miezi mitano au sita kwa jimbi, na nyama yake ni ngumu zaidi. Huyu naye ana mambo yake, nitamtaja kila panapotofautiana.

Sasa itazame friza yako. Friza ya nyumbani ya lita 200 haiwezi kugandisha kilo 30 kwa siku. Mimi naipa kilo nane hadi kumi kwa mara moja, yaani kuku sita au saba. Ukizidisha, nyama mpya inapasha moto ile ya zamani na ya katikati inalala siku nzima katika joto ambalo vijidudu vinalipenda. Kwa hiyo ukiwa na kuku 20, wachinje kwa makundi matatu, kila kundi likipishana na lenzake kwa siku tatu au nne. Kuku atakayengoja siku chache zaidi bandani atakula chakula kidogo cha ziada, na hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kutupa nyama.

Kama uliwapa dawa yoyote, soma karatasi ya dawa. Kila dawa ina siku zake za kungoja baada ya dozi ya mwisho kabla nyama haijaliwa. Zihesabu na uziheshimu, nyama hii wataila watoto wako.

Na kuku mgonjwa hachinjwi. Aliyejikunja peke yake, anayekoroma, aliyepinda shingo, anayeharisha kijani, mtenge na wenzake na umwite daktari wa mifugo. Kideri kikiingia bandani, haraka ya kuchinja ili "tusipate hasara" ndiyo inayosambaza ugonjwa mtaa mzima kupitia manyoya na maji machafu.

Siku tatu kabla: tengeneza baridi yako

Hapa Malindi barafu inapatikana kwa wanaowauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki, na ni rahisi kuinunua alfajiri. Tatizo ni kwamba hujui maji yake yalitoka wapi wala ilivutwa sakafu gani. Ukiitumia, iache nje ya nyama: iweke kwenye beseni kubwa, na nyama iwe kwenye sufuria iliyokalia barafu.

Mimi nimehamia kwenye chupa. Nakusanya chupa za maji za nusu lita, nazisugua kwa sabuni, nazijaza maji nikibakisha vidole viwili juu ili zisipasuke, nazigandisha kwa siku tatu. Hesabu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya nyama. Kuku saba ni kilo kumi, kwa hiyo chupa 20. Zinapotoka frizani asubuhi ya kazi, nafasi yake ndiyo itakayowapokea kuku kesho yake. Na friza iliyokuwa imejaa barafu imeshapoa mpaka kwenye kuta, haianzi na joto.

Usiku wa kuamkia

Ondoa chakula masaa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja. Maji waachie mpaka mwisho. Gole na utumbo vikiwa vitupu, kisu kikiteleza hakimwagi uchafu juu ya nyama. Usiwafungie kwa siku nzima bila chakula ukidhani ndiyo bora zaidi. Utumbo wao hulegea na kuchanika ovyo, na kuku wanapungua uzito bure.

Noa visu usiku huo huo kwa kinoo, mbali na banda. Wazee walituambia kisu hakinolewi mbele ya mnyama, wala mmoja hachinjwi mwenziwe akitazama. Nimeona pia kwamba kuku aliyetulia hutoka damu vizuri na nyama yake haina mabaka mekundu ya kupigapiga mabawa.

Andaa: visu viwili (cha kuchinjia, na kidogo chenye ncha cha kupasulia), sufuria kubwa, ndoo mbili zinazolingana, karai la manyoya, beseni la uchafu, meza iliyosuguliwa, mabeseni mawili safi ya kupozea. Meza na mabeseni yafute kwa kijiko kikubwa kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe ndani ya lita nne za maji, kisha yaache yakauke yenyewe.

Kuchinja

Anza mara baada ya swala ya alfajiri. Miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, ikifika saa tatu asubuhi ukiwa bado unapasua, umechelewa. Nzi wameshaamka, na kunguru pia. Kunguru wetu hawa wa mjini wataiba ini mkononi mwako ukigeuza shingo, kwa hiyo mpe mtoto mmoja kazi ya kuwafukuza na usimpe nyingine.

Kwetu kaka yangu ndiye anayechinja. Malindi na Makka karibu ziko kwenye mstari mmoja, basi kumwelekeza kuku kibla hapa ni kumwelekeza kaskazini moja kwa moja; ndiyo maana wazee wetu waliita upande huo wa dunia kibla. Anataja jina la Mwenyezi Mungu, na kwa kisu kikali anakata koromeo, umio na mishipa miwili ya damu kwa mpigo mmoja, bila kukitenga kichwa. Asiye Mwislamu naye afuate ukali huo wa kisu. Kisu butu ni ukatili na damu haitoki sawasawa.

Ili kuku asitapetape na kuvunja mabawa, tumekata mtungi wa plastiki wa lita tano: tumeondoa kitako, tumepanua mdomo, na kuupigilia kwenye nguzo juu chini. Kuku anaingia kichwa kwanza, shingo inatokea chini, mwili umeshikwa. Mwache hivyo dakika mbili hadi tatu mpaka matone yakatike na mwili utulie kabisa. Kuku ambaye hajamaliza kufa hatiwi kwenye maji ya moto, na hilo halina mjadala, kwa dini wala kwa huruma.

Maji ya kunyonyolea

Watu wengi huchukua maji yanayochemka wakamwagia kuku. Ngozi inaiva, inachanika, na mafuta ya chini yake yanaanza kuyeyuka. Kuku wa nyama mchanga anataka maji ya nyuzi 60 hadi 63 hivi. Kipimajoto kikiwepo, vizuri. Kisipokuwepo, tumia ndoo: maji ya mtungini hapa pwani huwa kama nyuzi 28, basi ndoo moja ya maji yanayotokota na ndoo moja kama hiyo ya maji baridi, yakichanganywa sufuriani, hukupa karibu na nyuzi 62 baada ya sufuria kunywa joto lake. Kwa kuku wa kienyeji aliyekomaa, ngozi yake ni nene na manyoya yameshika. Punguza maji baridi yawe robo tatu ya ndoo.

Mshike miguu, mzamishe mzima, mtikise juu na chini ili maji yapenye mpaka kwenye ngozi. Hesabu sekunde 30, kisha vuta unyoya mmoja mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kushindana, mtoe. Ukikataa, mrudishe sekunde kumi, jaribu tena. Usizidishe dakika moja kwa kuku wa nyama. Baada ya kuku watatu ongeza jagi la maji yanayotokota, maana sufuria inapoa.

Anza na manyoya ya mabawa na mkia, ndiyo yanayokauka na kung'ang'ania kwanza. Ya kifuani yatafutwa kwa kiganja tu, kama unafuta unga mezani. Vinywele vinavyobaki vibabue kwa moto wa haraka. Bata ni kazi nyingine: manyoya yake yana mafuta, maji yanataka tone la sabuni na muda mrefu zaidi, na mimi bata siwachanganyi na kuku siku moja.

Kupasua bila kupasua nyongo

Kata kichwa, na miguu kwenye kiungo cha goti, kisu kipite kati ya mifupa. Juu ya mkia kuna tezi ndogo ya manjano yenye mafuta; ikate kwa chini, ikibaki hutia harufu kwenye mchuzi.

Chana ngozi ya shingo kwa nyuma, tafuta gole upande wa mbele wa kifua, libandue kwa vidole pamoja na umio na koromeo mpaka vilegee. Usipofanya hivi, ukivuta matumbo upande wa pili yatakatikia ndani.

Sasa mgeuze, mkia ukuelekee. Chana mlalo mfupi chini ya ncha ya kidari, juu ya kinyeo, kisu kikiingia unene wa ngozi tu. Panua kwa vidole viwili viwili. Ingiza mkono ukiwa umeshikana na paa la kifua, uende mpaka ndani kabisa, ukigusa kitu kigumu cha mviringo ndiyo firigisi. Ishike, vuta polepole. Vyote vitakuja kwa pamoja: firigisi, ini, moyo, utumbo. Kisha zungushia kisu kinyeo, kitoke na utumbo wake bila kumwagika. Mapafu yamejibana kati ya mbavu, mekundu mepesi. Yakwangue kwa ncha za vidole.

Kabla ya kutupa chochote, tazama. Ini zuri ni la kahawia, linang'aa, lina ukingo mwembamba. Ukiona vidoa vyeupe vimetapakaa, uvimbe, maji mengi ya manjano tumboni, au harufu mbaya, kuku huyo mzima haingii kwenye beseni la wenziwe. Mzike.

Nyongo ni kifuko kidogo cha kijani kibichi kilichojishika kwenye ini. Usikibandue, kikate pamoja na kipande kidogo cha ini. Kikipasuka juu ya nyama, osha pale pale na ukate sehemu iliyopakwa kijani, ukichelewa uchungu haukubali kutoka. Firigisi ichane ubavuni, mwaga mchanga, osha, kisha ubandue ule utando wa manjano kwa kucha. Ukipata ukingo unaokubali, unavulika wote kama soksi.

Kupoza: usiniruke hapa

Kuku aliyechinjwa ana joto la nyuzi 40 mwilini, na nyama ya paja imeziba ule mfupa kama blanketi. Ngozi inaweza kuwa baridi na mfupani pakawa moto. Hapo ndipo harufu ile ya mavyaa ilipoanzia.

Mabeseni mawili. La kwanza lina maji safi ya kawaida, la kusuuza damu na uchafu wa haraka. Libadilishe kila kuku wawili watatu. La pili lina maji ya kunywa, chupa zilizoganda zimetiwa kwa wingi, na konzi ya chumvi. Kila kuku akimalizika anaingia humo papo hapo, tumbo wazi likielekea juu ili maji ya baridi yajaze ndani. Usingoje wote waishe. Kila robo saa yakoroge maji na uwageuze, kwa sababu maji yaliyotulia hujitengenezea joto kandokando ya kuku. Chupa ikiyeyuka nusu, iondoe, tia nyingine.

Lengo ni paja lishuke hadi nyuzi 4 ndani ya masaa manne. Bila kipimajoto, ingiza vidole ndani ya tumbo la kuku mpaka vifike chini ya mgongo, vikae hapo ukihesabu hadi ishirini. Vikianza kuuma kwa baridi, bado mpe nusu saa nyingine ndiyo umtoe. Mninginize au mweke kwenye chujio, maji yachuruzike kwa robo saa.

Kupumzisha

Baada ya kuchinjwa, misuli hukaza. Ukimgandisha kuku wakati amekaza, au ukimpika, utatafuna mpira. Muda huo lazima upite, na unapita wenyewe ndani ya friji, si ndani ya friza.

Wapange kwenye sinia au bakuli pana rafu ya chini, chini ya vyakula vingine vyote, wafunike kwa kitambaa safi, waache masaa 12 hadi 24. Kienyeji mpe siku mbili. Namna ya kujua ni hii: shika ncha ya mguu, uuchezeshe. Saa chache baada ya kuchinjwa mguu unakataa, kuku mzima anainuka nao. Siku ya pili mguu unakunjika na kunyooka kwa ulaini, paja linateleza kwenye kiungo. Huyo yuko tayari.

Kama friji ni ndogo, sanduku la kuhifadhia barafu linafaa, mradi maji ya barafu yanamwagwa na chupa zinabadilishwa asubuhi na jioni. Nimewahi kulifanya hivyo nyumba ilipokuwa na wageni, na nyama ilitoka sawa.

Kufunga na kugandisha

Nyama ya frizani inaharibiwa na hewa. Pale hewa inapogusa, panakauka, panakuwa na mabaka meupe na ladha ya karatasi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa imepigwa marufuku Kenya, kwa hiyo usiokote vifuko vya kichochoroni. Hata bila sheria, havikufaa kwa chakula. Kwa vipande natumia vyombo vya plastiki vya chakula vyenye kifuniko. Napanga mapaja na mabawa yakibanana, namimina maji baridi ya kunywa mpaka yafunike nyama, nabakisha kidole kimoja juu. Yakiganda, barafu ndiyo inayoziba hewa. Maini, mioyo na firigisi nayaweka hivyo hivyo kwenye vikopo vidogo vya mlo mmoja.

Kuku mzima anataka mfuko mzito wa friza, wa dukani, ulioandikwa mtengenezaji na kwamba ni wa chakula. Mtie kuku, kisha uzamishe mfuko taratibu kwenye ndoo ya maji, mdomo ukiwa nje. Maji yanausukuma mfuko, hewa yote inatoka, plastiki inamshika kuku kama ngozi ya pili. Funga hapo hapo.

Andika tarehe, uzito na kilichomo, kwa kalamu isiyofutika juu ya tepe ya karatasi, kabla ya kugandisha. Ukingoja baadaye tepe haishiki.

Washa friza kwenye baridi kali kabisa tangu jana yake. Wapange safu moja, wagusane na kuta, wasipandane, kila mmoja na upenyo wa hewa. Baada ya siku nzima, wakishakuwa mawe, ndipo unawabeba na kuwarundika upande mmoja. Friza ikishikilia nyuzi 18 chini ya sifuri, kuku mzima hukaa mwaka, vipande miezi tisa, maini na firigisi miezi mitatu au minne.

Umeme ukikatika

Usiifungue. Friza iliyojaa hushika baridi siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Nafasi tupu zijaze zile chupa zako za maji. Gandisha pia kikombe cha maji na uweke sarafu ya shilingi kumi juu ya barafu, ukiache humo daima. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama chini, umeme ulikatika muda mrefu, nyama ikayeyuka na kuganda tena bila wewe kujua. Nyama hiyo haifai.

Chumvi ya bahari nayo hula mpira wa mlango. Ufute kila wiki kwa maji ya sabuni, na ujaribu kwa karatasi: ifungie mlangoni, uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatokea hapo.

Uchafu, na neno kuhusu kuuza

Damu, matumbo na manyoya vichimbie shimo la kina cha nyonga, mbali na kisima, funika na udongo mwingi siku hiyo hiyo. Sisi tunachimba penye migomba, na migomba inashukuru. Haya yote ni ya kitoweo cha nyumbani. Ukitaka kuuza nyama, lazima ikaguliwe na kuchinjwa mahali palipoidhinishwa, basi anza na ofisi ya mifugo kabla hujapokea oda ya jirani.

Siku ya kupika

Kuku mzima mtoe frizani jana yake, umweke kwenye friji juu ya sinia, masaa 24. Kumwacha juu ya meza ya jikoni kwa joto letu ni kuharibu kazi yote ya nyuma: nje anakuwa na joto la kutosha vijidudu kuzaana huku katikati angali barafu. Akishayeyuka nje ya friji, usimrudishe. Wala usimwoshe bombani kwa nguvu, matone yanaruka mpaka kwenye kachumbari. Msugue ndimu na chumvi ndani ya bakuli, inatosha. Kwa mchuzi wa nazi, mwivishe kwanza mpaka maji yanayotoka pajani yawe meupe, ndipo tui zito liingie mwisho.

Miguu na shingo haihitaji kuyeyushwa. Itie sufuriani na barafu yake, maji baridi, tangawizi iliyopondwa, kitunguu thaumu na pilipili manga nzima, moto mdogo kwa saa moja na nusu. Chumvi iingie mwisho, ukishaionja.